Binti alikuwa katibu wa UKWATA shuleni, tangu amalize kidato cha nne kanisani hataki. Likizo hizi ndefu zinawafanya nini watoto wetu?

#1 Mwisho wa Reli (Gungu, Kigoma)
Wakuu, shalom, na wa salaam aleykum pia. Niende kwenye mada.

Nina binti wa miaka 17. Kamaliza kidato cha nne Novemba, matokeo ya Januari kapata daraja la pili, sasa yuko nyumbani anasubiri kupangiwa kidato cha tano. Shule aliyosoma ni ya bweni, upande wa Tabora. Huko alikuwa katibu wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi wa Kikristo, na kiongozi wa maombi ya asubuhi. Likizo zilizopita yeye ndiye aliyekuwa anatuamsha saa kumi na moja alfajiri tusali, mpaka mama yake akawa anamtania kwamba tumezaa mchungaji.

Desemba ilipita vizuri, Krismasi kaimba na kwaya. Kuanzia kama Machi naona kuna kitu kimekatika. Jumapili hii kichwa kinauma, Jumapili ijayo nguo haijakauka. Siku hizi hata sababu hatoi, kalala kageukia ukutani, ukimwita anaitika "abee baba" kwa adabu zote ila hainuki. Kazi za nyumbani anafanya. Hatoki usiku, mvulana sijasikia. Lakini kucheka kumepungua sana na chakula anadonoa tu. Biblia yake iko juu ya kabati, kaifunga pamoja na madaftari ya shule kwa kamba moja ya katani.

Mdogo wake wa kiume yuko kidato cha pili, naye anafunga shule mwezi ujao. Ndiyo maana nauliza mapema. Ni likizo ndefu, ni umri, ni shetani, ni sisi wazazi? Aliyepitia aseme alifanyaje. Ushauri wa "mcharaze" nimeshaupata kwa shemeji yangu, msirudie.

#2 Popo la Mwanga
Simu. Uzi ufungwe.

#3 Mgebuka Mbichi
Siti ya mbele hapa. Kahawa ninayo, kashata nimeagiza Ujiji.

#4 Matroni Mstaafu (Tabora)
Baba pole. Nimekaa na mabinti wa bweni kwa muda mrefu, ngoja nikueleze ninachokijua.

Bwenini mtoto haamui kusali, kengele ndiyo inaamua. Alfajiri kengele, ibada. Jioni kengele, ibada. Siku ya feloshipu wenzake wote wanatoka, akibaki kitandani ataulizwa anaumwa nini. Halafu Novemba anafunga sanduku, anakuja nyumbani ambako hakuna kengele wala wenzake. Hapo ndipo inajulikana kipi kilikuwa chake na kipi kilikuwa cha ratiba. Usimwite mnafiki kwa hilo. Kile kilichokuwa chake kipo, ila ni kidogo kuliko ulivyokiona, na yeye mwenyewe kimemshtua.

La pili, katibu ana cheo. Ana daftari la mahudhurio, anaandika barua za mialiko, mkuu wa shule anamwita kwa jina. Akifika nyumbani anakuwa dada wa kuchota maji na kuosha sufuria. Nimeona wengi wakidondokea hapo. Viranja wakuu ndio wanaoteseka zaidi likizo, waliokuwa hawana cheo hata hawahisi.

#5 Mwisho wa Reli
Ahsante mama, hilo la cheo sikuwa nimeliwaza. Popo, simu anayotumia ni ya batani, tena ya mama yake.

#6 Popo la Mwanga
Anatumia ya jirani. Nimesema.

#7 Mnyamwezi wa Urambo
Mwangaluka! Waha mkiacha kulalamika na sisi tuseme.

Mimi ni Mmoravian, na Wamoravian tuko Urambo tangu 1898, kwa hiyo msinifundishe kanisa. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Kufika nyumbani akaingia kwenye tumbaku ya baba yake mdogo. Anayejua tumbaku anajua: majani yanachumwa, yanafungwa kwenye vijiti, yanapandishwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, halafu moto unalindwa usiku na mchana, ukizidi umeunguza, ukipungua yameoza. Yeye alikuwa anashika zamu ya usiku. Jumapili saa mbili asubuhi kengele ya kanisa inagonga, mtu ndiyo kwanza anajitupa kitandani na macho mekundu ya moshi. Siku nyingine alikuwa anatapika kabisa, maana jani bichi lenye umande ukilishika bila kinga sumu yake inapita kwenye ngozi.

Wazee wa kanisa wakasema kijana kapoa kiroho. Nikawaambia huyu kachoka mwili, mpeni wiki mbili alale. Sasa Mwisho wa Reli, binti yako anaamka saa ngapi na analala saa ngapi? Hesabu kazi zake kabla hujahesabu Jumapili zake.

#8 Mgebuka Mbichi
Mnyamwezi kaja kubeba mizigo ya uzi. Endelea mtani.

#9 Mzee wa Kibirizi
Hilo la kazi ni kweli hata ziwani. Nawafundisha kwaya ya vijana, ratiba yangu haifuati kalenda ya kanisa, inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo giza likiingia nabaki na sauti ya kwanza peke yake, wavulana wote wako majini. Mbalamwezi ikiwaka wanarudi, kwaya inajaa besi. Mgeni akija wiki ya giza anasema vijana wa Kibirizi wameacha wokovu.

Cha ajabu ni mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa ile miezi sita. Nikasema sasa nitawapata wote. Wapi! Ndiyo kwanza wakapotea. Kijana hana kazi, hana hela, anaona aibu kuja kanisani bila sadaka. Wengine niliwakuta kwenye vibanda vya mpira wanabeti. Kwa hiyo Mnyamwezi, kazi inamchosha kijana lakini kukosa kazi kunammaliza.

Na tusisahau imani hapa Ujiji ni ya tangu Livingstone alipoianzisha, sio ya jana, isije ikafia mikononi mwetu.

#10 Katekista wa Kasulu
Mzee wangu shikamoo, marekebisho mawili tu. Ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Na Livingstone hakuanzisha kanisa Ujiji. Alikuwa pale anaumwa na ameishiwa, Stanley akamkuta mwaka 1871. Wamisionari wa kukaa walikuja baadaye, wale wa London 1878 na Mapadre Weupe 1879.

Sasa mada. Kwenye makanisa yetu karibu yote mtoto ana ngazi mpaka kipaimara. Utoto Mtakatifu, shule ya Jumapili, mafundisho, suti mpya, keki, picha na askofu. Baada ya hapo ngazi inayofuata ni ndoa. Katikati hapo kuna nini? Wanasema kuna umoja wa vijana, nenda ukaone: mwenyekiti ana miaka 34 na watoto watatu, ajenda ni michango ya harusi ya mjumbe. Binti wa 17 akae pale afanye nini? Wa shule ya Jumapili wamemwacha, wa vijana wanamtuma soda. Shuleni kuna TYCS ya Wakatoliki, UKWATA, CASFETA ya Wapentekoste, ana watu wa rika lake. Akirudi mtaani hana kundi. Kipaimara kimekuwa mahafali.

#11 Mzee wa Kibirizi
Marahaba. Miezi mitatu, haya. Kwangu ilikuwa kama sita.

#12 Mgebuka Mbichi
Hasa kwa sisi tuliokula maharage.

#13 Nesi wa Kibondo
Naomba tutoke kidogo kwenye imani. Mleta mada kasema mambo matatu ambayo mmeyaruka: anacheka kidogo, anadonoa chakula, analala kageukia ukutani. Na imeanza Machi, sasa ni Mei. Hayo mimi kazini nikiyasikia kwa mtoto wa miaka 17 siyaandiki chini ya "kupoa kiroho".

Baba, uliza haya bila haraka. Kichwa kinauma Jumapili tu, au hata Jumatano? Usingizi anapata? Marafiki wa shule bado anawasiliana nao? Kuna kitu alikuwa anakipenda sana ambacho kakiacha, mbali na kanisa? Amewahi kusema maneno ya kujichoka, kwamba bora asingekuwepo? Hili la mwisho ukilisikia hata kwa utani usingoje Jumapili, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa mtoto ambaye hataki kusema na mzazi, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, anaongea na mtu asiyemjua. Mwachie namba mezani tu, usimsimamie.

Na samahani kwa swali hili, ila ni la kawaida kwetu. Je, kuna jambo limempata? Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Kwa kila wanawake wa rika hilo watano unaowaona kwenye kwaya, mmoja.

#14 Mwisho wa Reli
Nesi nakuheshimu lakini binti yangu sio takwimu.

#15 Nesi wa Kibondo
Sijasema ni yeye. Nimesema uulize, au mama yake aulize. Na hata ingekuwa hivyo, tangu Novemba 2021 kuna waraka wa kumrudisha shule aliyejifungua. Hakuna mlango uliofungwa.

#16 Popo la Mwanga
Mimba nyingi zinaanzia kwenye simu.

#17 Matroni Mstaafu
Popo mwanangu, mimba zilikuwepo wakati wa telegramu.

#18 Mgebuka Mbichi
😂😂😂 Popo kazimiwa data.

#19 Jeshi Moja
Mnazunguka. Mpelekeni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, akakae sawa. Akirudi anasali na kufagia.

#20 Katekista wa Kasulu
JKT ya mujibu wa sheria ni kwa waliomaliza kidato cha sita, mkuu. Huyu ni wa nne.

#21 Jeshi Moja
Basi asubiri.

#22 Nipo Ughaibuni
Nawasoma toka Marekani, kwetu ni Kasulu. Huku likizo kubwa ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti, na malalamiko ya wazazi ni hayo hayo. Vikundi vya vijana vya kanisa vingi vinapunguza vipindi likizo, yaani kipindi mtoto ana muda mwingi ndicho kipindi kanisa linafunga mlango. Dawa yao ni kambi. Mtoto anapelekwa porini kando ya ziwa wiki nzima, simu zinakusanywa getini, kuna mtumbwi, kuna moto wa usiku, kuna mahubiri, wanalia, wanatubu. Wangu alirudi anawaka, anataka kwenda kuhubiri barabarani. Wiki mbili mbele amerudi chumbani na mlango kaufunga.

Kwa hiyo kambi inasaidia, sikatai, lakini mwenye nyumba asijidanganye. Kilichomsaidia wangu ni mzee mmoja mstaafu wa kanisani kwetu aliyemwomba amsaidie kupaka rangi uzio. Walipaka kiangazi chote. Nadhani mahubiri hayakuzidi maneno kumi.

#23 Bint Ujiji
Mimi ni Muislamu, mnivumilie, mji wenyewe wetu sote. Kwetu vijana wa bweni wanarudi hivyo hivyo, wengine swala ya alfajiri wanaisikia kwa jirani. Tofauti ninayoiona ni kwamba madrasa haifungi kwa sababu shule imefunga. Likizo ndiyo inajaa, wakubwa wanasomesha wadogo. Jirani yangu Mkristo watoto wake wakirudi likizo hawana hata pa kwenda Jumatatu hadi Jumamosi. Kanisa limefungwa kufuli, funguo anayo mzee wa kanisa, mzee wa kanisa yuko shamba.

#24 Mzee wa Kibirizi
Bint Ujiji umetupiga pazuri. Funguo yetu iko Bangwe.

#25 Kumi na Nane
Shikamooni wote. Mimi ndiyo hao mnaowajadili, nimemaliza mwaka jana, niko Tabora mjini nasubiri kupangiwa. Nimesoma uzi wote.

Matroni, la kengele ni nusu. Mimi shuleni nilikuwa naenda kusali hata bila kengele, tulikuwa tunajificha stoo ya viti watu sita, mmoja anaomba wengine tunalia, hasa karibu na mtihani. Pale ukisema "nimechoka" mtu anakushika mkono anaomba na wewe. Nyumbani nikisema nimechoka naulizwa umefanya kazi gani. Kanisani nikisema nimechoka naambiwa nifunge siku tatu.

Na kila mtu akikuona swali ni moja tu: "Umepangiwa wapi?" Jumapili ndiyo siku ya kuulizwa kuliko zote. Kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi nimeulizwa na watu saba, kutoka benchi mpaka nyumbani tena. Mwenzangu mmoja kapata daraja la nne, yeye kanisa kaacha kabisa, sio kwa sababu hampendi Yesu. Anaogopa mama mchungaji atamtangaza kwenye maombi ya "watoto wetu waliofeli".

Baba mleta mada, naomba kuuliza kitu kimoja. Selform, ile fomu ya kuchagua kombi ya masomo ya kidato cha tano, nani alijaza?

#26 Mwisho wa Reli
Marahaba mwanangu. Tulijaza pamoja.

#27 Mgebuka Mbichi
"Tulijaza pamoja." Watu wazima tunajua maana yake, baba kashika kalamu.

#28 Kumi na Nane
Ndiyo naulizia hivyo. Na dirisha la kubadili kombi lilipofunguliwa mlibadili?

#29 Mwisho wa Reli
Yeye alitaka HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Amefaulu baiolojia na kemia, nikamwambia PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ina ajira. Hakubisha. Tukabadili pale kwenye kibanda cha intaneti Mwanga, akaridhika, tukanunua na maandazi. Sioni uhusiano na kanisa.

#30 Nesi wa Kibondo
Mwezi gani?

#31 Pinga Pinga
Hahaha nesi mkali. Ngoja nimwage mchanga kwenye pilau: labda mtoto haamini tena, basi. Ana miaka 17, ana akili, kasoma baiolojia, kajiuliza maswali. Mbona hamuiweki hiyo kwenye orodha? Mnatafuta simu, mimba, tumbaku, mwezi, kila kitu isipokuwa kwamba binti kafikiri.

#32 Katekista wa Kasulu
Inawezekana, na sijaikataa. Ila anayefikiri huwa anabishana. Wangu mmoja wa mafundisho alikuwa ananiuliza habari za dinosaria kila Alhamisi mpaka nikawa nasoma usiku kwa ajili yake. Huyo simhofii. Namhofia anayeitika "abee" halafu anageukia ukutani.

#33 Pinga Pinga
Anayebishana ni yule aliyewahi kuruhusiwa kubishana.

#34 Katekista wa Kasulu
Hapo umenifunga.

#35 Mama Parokia
Mimi naleta kisa tofauti. Sisi ni Wakatoliki wa asili, baba mkwe alisoma seminari ya Kipalapala. Mtoto wetu wa kiume akaenda shule ya serikali, huko akajiunga na CASFETA. Karudi likizo ya Juni anasali kwa sauti usiku, anafunga, rozari hataki kuishika, anatuambia tuokoke. Baba yake akawaka, akamkataza kwenda kusali kwingine na akamlazimisha misa ya kwanza. Mtoto akaenda misa. Akaenda Jumapili zote mpaka shule ikafunguliwa. Ila alikuwa anakaa kama mzigo pale kwenye benchi, na akirudi haongei na mtu. Mpaka leo yuko chuo hasali popote, si kwetu si kwao. Baba yake anasema walimharibu shuleni. Mimi naona tulimvunja nyumbani. Hatujawahi kukubaliana na tunalala kitanda kimoja.

#36 Jeshi Moja
Mama pole. Ila baba ndiye kichwa cha nyumba. Mlee mtoto katika njia impasayo.

#37 Mchungaji Kijana (Kaliua)
Jeshi, huo mstari wanaume tunaupenda, ila kuna mwingine tunauruka: akina baba msiwachokoze watoto wenu.

#38 Jeshi Moja
Waefeso 6:4, naujua. Unaendelea "waleeni katika adabu na maonyo". Adabu.

#39 Mchungaji Kijana (Kaliua)
Upo pia Wakolosai 3:21, na huo unatoa sababu: wasije wakakata tamaa. Paulo aliwaza kukata tamaa kwa mtoto kabla ya wataalamu wa saikolojia.

Niwaambie la kwangu, maana natumika na vijana. Likizo sisi makanisani tunawaona vijana kama nguvu kazi. Ana miaka 16, likizo imefika, apange viti, abebe spika, afue vitambaa vya madhabahu, aimbe ibada ya kwanza na ya pili. Ni kweli kutumika kunajenga. Lakini angalia ni nani aliyewahi kukaa na yule wa mtambo wa sauti akamuuliza usiku analalaje. Mwaka jana nilijaribu kitu kidogo: Jumanne jioni, chini ya mwembe, hakuna kwaya, hakuna mahubiri, kila mtu anakuja na swali lake kwenye karatasi bila jina. Karatasi ya kwanza kuifungua iliandikwa "Nikifa nikiwa na hasira na baba naenda wapi?" Nilishindwa kuijibu hapo hapo. Nikawaambia turudi Jumanne ijayo.

#40 Popo la Mwanga
Na simu walikuja nazo?

#41 Mchungaji Kijana (Kaliua)
Walikuja nazo, Popo. Wanatumia tochi kurudi nyumbani.

#42 Dada wa Gungu
Mchungaji, Jumanne jioni sawa, ila nani anawarudisha mabinti nyumbani? Nauliza kwa sababu mimi nilikulia kwenye kanisa (silitaji) ambako mikesha ya likizo ilikuwa inaisha saa tisa usiku na "kaka wa kiroho" anajitolea kutusindikiza. Waliojua wanajua. Mzazi akiona binti kaacha kanisa ghafla, kabla ya kumwombea aulize kuna nani huko kanisani ambaye binti hataki kumwona. Likitokea, dawati la jinsia na watoto liko polisi, sio kwenye kikao cha wazee.

#43 Matroni Mstaafu
Dada amesema neno. Mleta mada, hili usilirukie.

#44 Mchungaji Kijana (Kaliua)
Ni kweli. Sisi tunamaliza kabla ya giza na mama wawili wapo muda wote. Nilipaswa kulisema mapema kwenye maelezo yangu.

#45 Mnyamwezi wa Urambo
Mimi bado nasubiri jibu langu. Binti anaamka saa ngapi?

#46 Mwisho wa Reli
Saa kumi na moja na nusu. Anawasha moto, anachemsha maji ya wadogo zake, anawapeleka mpaka barabarani, kisha anakwenda kwenye meza ya mama yake sokoni mpaka saa tisa. Jioni anapika. Mnyamwezi, kila binti hapa mtaani anafanya hivyo. Na mimi nilivyokuwa kidato cha nne nilikuwa nabeba mawese toka Mwandiga.

#47 Mgebuka Mbichi
Mzee na wewe ulikuwa unacheka?

#48 Bint Ujiji
Mgebuka leo umesema kitu cha maana, andika tarehe.

#49 Mwisho wa Reli
Mrejesho kidogo, maana wengi mnaniuliza pembeni. Mama yake ndiye aliyeongea naye, walikuwa wanachambua dagaa uani, mimi nikaambiwa niende nikaangalie mpira. Mambo ya nesi na ya dada wa Gungu ameyauliza yote, anasema hakuna. Usingizi hapati vizuri, kuhusu hilo amekubali kwenda kuonana na daktari wiki hii. Kuhusu kanisa hakusema sana. Alisema ibada hataki, ila akauliza kama shule ya Jumapili wanahitaji mtu wa kufundisha watoto wadogo. Jumapili iliyopita alikwenda kule kwenye darasa lao nyuma ya kanisa, ibada ikiendelea yeye yuko na watoto, ikiisha tu akakata njia ya nyuma akarudi nyumbani. Sijui nihesabu kaenda kanisani au hakwenda.

#50 Katekista wa Kasulu
Kaenda.

#51 Jeshi Moja
Hajaenda. Hakusikia neno wala hakutoa sadaka.

#52 Matroni Mstaafu
Kapata cheo tena. Nilisema mimi.

#53 Kumi na Nane
Kapita njia ya nyuma ili asiulizwe kapangiwa wapi. Na mimi nilisema.

#54 Pinga Pinga
Anapenda watoto. Sio lazima ampende mchungaji.

#55 Nesi wa Kibondo
Mimi nimefurahi kwa daktari. Mengine gombaneni. Baba, mwache aingie peke yake kwa daktari, wewe kaa kwenye benchi.

#56 Popo la Mwanga
Simu ya mama yake imeangaliwa?

#57 Mwisho wa Reli
Popo imeangaliwa, kuna jumbe za mkopo tu.

Jamani, mdogo wake anafika Ijumaa ijayo kwa treni. Dayosisi wamesema kutakuwa na kambi ya vijana Kasulu wiki ya pili ya likizo, nimeambiwa wavulana na wasichana wana wasimamizi tofauti. Huyu wa kiume mwenyewe anataka kwenda. Aliyewahi kupeleka mtoto anieleze anabeba nini, maana huyu mtoto ukimwachia atakwenda na mpira peke yake.

#58 Katekista wa Kasulu
Godoro jembamba, blanketi zito maana Kasulu Juni asubuhi ni baridi sio kama kwenu ziwani, chandarua, sahani na kikombe, ndoo ndogo, viatu vya kufunga. Kama anatumia dawa yoyote aandikiwe kwenye karatasi ampe msimamizi. Mpira abebe, mwaka jana walikuwa na mmoja ukapasuka siku ya kwanza. Na uliza majina na namba za wasimamizi kabla, wakisita usimpeleke.

#59 Mnyamwezi wa Urambo
Treni ikipita Urambo nitamtupia asali dirishani. Abebe chupa yenye kifuniko.

#60 Mgebuka Mbichi
Asali ya Mnyamwezi inapita Urambo lita tano, inafika Kigoma lita mbili. Mwambieni dogo asilale.